Simu Moja, Watoto 57: Namna ya Kulifikisha Somo kwa Kila Mtoto Darasani

Nafundisha Gredi ya Tano katika shule ya msingi ya umma upande wa Luanda, kaunti ya Vihiga, si mbali na barabara ya Kisumu kwenda Busia. Darasa langu lina watoto 57. Mmoja ana ualbino na haoni ubaoni hata akikaa dawati la mbele. Mwingine masikio yake hutoka usaha msimu wa mvua, na wiki hizo hasikii vizuri. Wapo wanne ambao kusoma kwao ni kupanda mlima, ilhali ukiwauliza kwa mdomo hujibu kuwashinda wenzao. Mmoja mikono yake hukakamaa na kalamu humponyoka. Sina mwalimu msaidizi, wala hatuna chumba cha kompyuta. Nilicho nacho ni simu yangu ya Android, spika ndogo, pawabenki moja na vishikwambi vichache vya shule.

Mwongozo huu nimemwandikia mwalimu aliye katika hali kama yangu. Jambo nililojifunza, na ndilo linaloongoza hatua zote zifuatazo, ni kwamba kifaa huja mwisho. Kwanza jua somo limemfungia mtoto mlango mahali gani hasa. Ukilijua hilo, mara nyingi utagundua kuwa kifaa cha kuufungua mlango huo tayari kiko mfukoni mwako.

1. Wiki ya kwanza, usiwashe chochote

Chukua daftari dogo. Kwa siku tano, kila mtoto anapopotea katikati ya somo, andika alipotea wakati gani. Usiandike "ni mzito" au "hana bidii". Andika ulichokiona: alinakili mstari wa kwanza tu, aligeuza shingo sikio la kulia likaelekea kwangu, aliangalia daftari la jirani, alianza kulia tulipohamia kusoma kwa sauti, mvua ilipoanza aliacha kuandika.

Mwisho wa wiki utaona mpangilio. Kwangu mimi, mtoto niliyedhani ni mtundu kwa kuwa alikuwa akisimama kila mara na kukaribia ubao alikuwa haoni. Niliumia sana kulitambua hilo mwezi wa pili wa muhula, baada ya kumrudisha kitini mara nyingi. Nakusihi usingoje muda wote huo.

Unapoona dalili, mwambie mzazi, kisha mtoto apelekwe kituo cha tathmini cha elimu maalum, kile walimu tunachokiita EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984. Ripoti yake si karatasi ya kumbandika mtoto jina. Ndiyo itakayokusaidia baadaye kuomba vifaa, na ndiyo utakayoitegemea wakati wa usajili wa mitihani, kwa sababu Baraza la Mitihani hutoa karatasi za Breli, karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada kwa watahiniwa wanaohitaji. Mtoto wa usaha masikioni yeye aende zahanati kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa, na maambukizi ya sikio ni miongoni mwayo.

2. Rekebisha dirisha, chaki na ulimi wako

Haya hayagharimu hata shilingi, na bila haya simu haitakusaidia.

Mtoto mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali. Macho yake huchezacheza yenyewe, na miwani humsaidia lakini haimalizi shida. Kwa hiyo dawati la mbele karibu na dirisha linaloangalia jua la asubuhi ni adhabu kwake. Mweke mbele, ndiyo, lakini dirisha liwe nyuma ya mgongo wake au upande wenye kivuli, na mruhusu avae kofia yenye ukingo hata ndani ya darasa. Kama sheria ya shule inakataza kofia, nenda ofisini ukaombe ruhusa, mweleze mwalimu mkuu sababu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu pia huwapa watu wenye ualbino mafuta ya kukinga jua. Mwelekeze mzazi huko.

Chaki nyeupe na ya manjano ndizo zinazoonekana kwenye ubao mweusi. Ya bluu na nyekundu humezwa. Ukitaka kutofautisha vitu viwili, usitegemee rangi peke yake. Kimoja kipigie mstari, kingine kizungushie duara.

Halafu ulimi. Hili lilinichukua muda kulizoea. Nilipokuwa nikifundisha mito inayoingia Ziwa Victoria, nilikuwa nagonga ramani na kusema, "Huu hapa unatoka huku, ule pale unapitia kule." Kwa asiyeona ubao, maneno hayo ni upepo mtupu. Siku hizi nasema, "Mto Nzoia uko juu, upande wa kaskazini. Chini yake ni Yala. Tukienda kusini kabisa ya Kisumu tunakutana na Nyando, kisha Sondu." Kila ninachokiandika nakitamka ninapokiandika. Waliofaidika si yule mtoto mmoja tu. Wale wanne wanaosoma kwa shida walianza kunakili bila kukosea, na hata watoto wa nyuma kabisa, wenye macho mazima, wakaacha kuulizana, "Ameandika nini?"

3. Picha ya ubao

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Andika ubaoni kama kawaida. Simama mbele ya ubao moja kwa moja, usisimame pembeni, umbali wa hatua mbili au tatu. Zima flashi, maana mwanga wake hurudi kama doa jeupe katikati ya maandishi. Piga picha ya nusu ya ubao, kisha nusu ya pili. Picha moja ya ubao mzima huonekana nzuri kwenye simu, lakini mtoto akiikuza herufi hugeuka ukungu.

Tuma picha kwenye kishikwambi kwa Bluetooth. Hakuna bando linalotumika. Mtoto anaweka kishikwambi juu ya dawati, anaikuza picha kwa vidole viwili, na kuusoma ubao kwa umbali unaomfaa macho, yaani sentimita chache tu kutoka puani. Usimwambie anyanyue kichwa. Akisogeza uso karibu hajiharibu macho, ndivyo anavyoona.

Vishikwambi vingi vina pia uwezo wa kugeuza rangi, maandishi meusi yakawa meupe na mandhari meupe yakawa meusi. Nenda kwenye Mipangilio (Settings), kisha Ufikivu (Accessibility). Humo utapata ukuzaji wa skrini, ukubwa wa fonti, na ugeuzaji wa rangi. Kaa na mtoto dakika kumi wakati wa mapumziko, mpe kila moja ajaribu, kisha yeye mwenyewe achague. Mimi nilidhani wangu angependa nyeupe juu ya nyeusi kwa sababu mwanga mwingi humuumiza. Alichagua nyeusi juu ya nyeupe, lakini mwangaza wa skrini ukiwa umeshushwa hadi karibu na sifuri. Macho ni yake, yeye ndiye ajuaye.

Je, kama huna kishikwambi, una simu yako tu? Inawezekana, lakini jilinde. Simu ya mwalimu ina M-Pesa, ina ujumbe wa familia. Iweke katika hali ya ndegeni, fungua picha, halafu tumia kipengele cha kubandika programu kwenye skrini, ambacho kiko katika mipangilio ya usalama. Kikiwa kimewashwa, pamoja na chaguo lake la kudai nambari ya siri, mtoto hawezi kutoka kwenye programu ya picha mpaka wewe uweke nambari yako.

Kuna jambo la moyo hapa pia. Siku ya kwanza mtoto huyu alipowekewa kishikwambi, darasa zima liligeuka kumtazama. Wengine wakanung'unika kwamba anapendelewa. Nilichofanya ni kuanza kuzungusha kishikwambi cha pili kwa madawati ya nyuma, wale wanaokaa mbali nao wauone ubao kwa karibu. Ndani ya wiki mbili kilikuwa kitu cha kawaida kama rula. Kifaa kinachotumiwa na mtoto mmoja peke yake humtenga, hata kama kinamsaidia kuona.

Kwa karatasi unazochapisha, maandishi makubwa huanzia pointi 18. Tumia herufi nyoofu zisizo na mikia, na acha nafasi ya mstari mmoja na nusu. Gharama ni karatasi mbili badala ya moja, kwa mtoto mmoja. Shule inaweza kuimudu.

4. Sauti, na mabati wakati wa mvua

Anayefundisha magharibi mwa Kenya anaijua mvua ya alasiri. Saa nane mbingu inakuwa nyeusi, saa tisa mabati yanapiga ngoma, na mwalimu anabaki akifungua na kufunga mdomo. Mtoto mwenye masikio mazima hupoteza nusu ya maneno. Mwenye kusikia kwa shida hupoteza yote.

Suluhisho la kwanza ni ratiba. Masomo ya kusikiliza na kujadiliana niliyapeleka asubuhi. Alasiri tunaandika, tunachora, tunafanya hesabu zilizokwisha kuandikwa ubaoni. Mvua ikianza katikati ya maelezo, nyamaza. Kupiga kelele juu ya mabati hukuumiza koo na hakumsaidii yeyote.

La pili ni kuileta sauti karibu na mtoto. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Kwa hiyo hatua mbili za kumsogelea mtoto hufanya kazi kubwa kuliko kupaza sauti. Lakini watoto ni 57 na huwezi kumsogelea kila mmoja. Hapo ndipo kipaza sauti cha kiunoni kinapoingia, kile chenye maiki ya kichwani wanachokitumia wahubiri wa stendi na wauza dawa za panya siku ya soko. Maiki ikiwa karibu na mdomo, hakuna haja ya kuongeza sauti sana. Spika usiitundike kiunoni kama wao. Iweke katikati ya darasa au nyuma, juu ya rafu, ili watoto wa mwisho wasikie sawasawa na wa mbele. Tazama spika na maiki visikabiliane, vitapiga mluzi.

Kwa mtoto mmoja anayehitaji zaidi, ipo programu ya Google iitwayo Sound Amplifier. Mtoto anavaa visikizi vya waya, simu inawekwa karibu na mwalimu, na sauti yako humfikia ikiwa imekuzwa. Anza na sauti ya chini. Hiki si kifaa cha kusikia cha hospitali na kisichukuliwe badala yake. Nimekitumia kama fimbo ya kushikilia wakati mzazi akifuatilia kliniki.

Halafu kuna Live Transcribe, programu nyingine ya Google iliyotolewa mwaka 2019. Unazungumza, maneno yanajitokeza kwenye skrini kama maandishi. Kiswahili kimo. Inafaa kwa mtoto anayesikia kwa shida na tayari anasoma vizuri. Ila ina masharti ambayo nimeyajifunza kwa kujaribu: inataka mtandao imara, inataka mtu mmoja azungumze kwa wakati, na inataka ushikilie lugha moja. Ukianza sentensi kwa Kiswahili, ukapitia Kiingereza na kumalizia kwa Kinyore, kama tunavyozungumza wengi wetu huku, itaandika mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Nafikiri sharti hilo la mwisho limenifanya mwalimu bora, maana sasa naimaliza sentensi kwa lugha niliyoianzia.

5. Kusoma kwa masikio, kujibu kwa mdomo

Wale wanne wangu wanaosoma kwa shida hawana tatizo la akili. Herufi ndizo zinazowachezea. Nilikuwa nikiwapa aya ya sayansi wasome, wanaishia mstari wa pili, muda unakwisha, nami naandika kwamba hawajui sayansi. Nilikuwa sijapima sayansi hata kidogo.

Njia rahisi ya kuanza ni kurekodi. Programu ya kurekodi sauti iko karibu katika kila simu. Soma ukurasa wa kitabu polepole, taja nambari ya ukurasa mwanzoni, tulia kidogo kila mwisho wa aya. Faili iite jina linaloeleweka: "Sayansi G5 uk 34". Baada ya miezi miwili nilikuwa na faili zaidi ya themanini, na kama ningeziacha na majina ya tarehe nisingepata hata moja. Mtoto husikiliza huku kidole chake kikifuata maandishi kitabuni. Hilo la kidole ni muhimu sana. Bila hilo anasikia hadithi tu, haoanishi sauti na herufi.

Si lazima usome wewe. Watoto wanaosoma vizuri hupenda kurekodi. Mimi huwatuma wawili chini ya mwembe wakati wa mapumziko marefu. Sauti za ndege zinaingia, si neno.

Maandishi yaliyo kwenye kifaa tayari, kifaa chenyewe kinaweza kuyasoma. Katika Ufikivu kipo kipengele cha kugusa maandishi yakasomwa kwa sauti. Kabla ya hapo, ingia kwenye mipangilio ya matamshi, pakua sauti ya Kiswahili ukiwa mahali penye Wi-Fi, na uichague. Usipofanya hivyo kifaa kitasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, na watoto hawatashika hata neno moja. Walimu wengi huishia hapo hapo wakidhani simu haijui Kiswahili.

Kujibu nako kuna njia mbili. Ya kwanza, mtoto anarekodi jibu lake, nawe unalisikiliza jioni. Ya pili ni kuandika kwa sauti: anabonyeza alama ya maikrofoni kwenye kibodi, anazungumza, maneno yanaandikwa. Google iliongeza Kiswahili katika huduma hii mwaka 2017. Mtoto wangu mmoja alipoona sentensi aliyoitamka yeye mwenyewe imesimama kwenye skrini, aliisoma yote, neno kwa neno, kwa sababu alijua tayari inasema nini. Nikaigeuza kuwa zoezi: tamka sentensi tatu, zisome, kisha zinakili kwa mkono daftarini. Hadi leo ndilo zoezi la kusoma ambalo wanne hao huliomba wenyewe.

Uwe wazi tu na nafsi yako kuhusu unachokipima. Unapopima sayansi, jibu la mdomo ni jibu kamili. Unapopima tahajia, kuandika kwa sauti hakufai.

Na lugha ya nyumbani? Huku kwetu mtoto mmoja anatoka kwa Wanyore, jirani yake ni Mjaluo kutoka upande wa Maseno, na Kiswahili kwa wote wawili ni lugha ya pili au ya tatu. Kwa istilahi ngumu huwa naomba mzazi au nyanya mmoja anieleze dhana kwa lugha yake, narekodi dakika mbili, mtoto anasikiliza kabla ya somo. Nilirekodi maelezo ya mmomonyoko wa udongo kwa Kijaluo kutoka kwa mama anayelima kando ya Mto Yala. Alieleza vizuri kuliko kitabu.

6. Mikono

Kwa mtoto ambaye mikono yake haitulii, kazi kubwa ni ya fundi. Mpelekee fundi seremala kishikwambi akupimie kibao cha kukilaza kwa mwinamo, chenye ukingo chini ili kisiteleze. Chini ya kibao pigilia kipande cha mpira wa tairi, ule wa kutengenezea akala. Hakitasogea hata dawati likitikiswa. Kisha ndani ya Ufikivu ongeza muda wa kugusa na kushikilia, ili kidole kikichelewa kuinuka kisihesabiwe kuwa kimeshikilia na kufungua vitu. Kama kidole hakifiki sawasawa, kijiti chenye pamba iliyoloweshwa kidogo na kuzungushiwa karatasi ya foili hufanya kazi ya kidole, mradi foili iguse mkono wa mtoto. Kuandika kwa sauti humfaa huyu pia.

7. Mahali simu haitoshi

Lazima niseme wazi. Mtoto asiyeona kabisa na mtoto kiziwi wanahitaji zaidi ya ujanja wa mwalimu mmoja, na si haki kuwaacha na simu tu tukidhani tumewahudumia.

Kwa asiyeona, simu ya Android ina TalkBack, inayosoma kila kinachoguswa. Huwashwa kwa kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde chache. Kugusa mara moja husoma, kugusa mara mbili hufungua, na kusogeza ukurasa hutumia vidole viwili. Jifunze wewe kwanza jioni moja, maana ukiiwasha bila kujua utashindwa kuizima. Vitufe vile vile viwili ndivyo vinavyoizima. Kwenye kipakatalishi cha Windows ipo NVDA, isiyolipishwa, na sauti yake ya eSpeak ina Kiswahili.

Lakini kusikia pekee hakumfundishi mtoto kuandika. Breli ndiyo maandishi yake: nukta sita, safu mbili za tatu tatu. Kibao na msumari wake wa kutobolea ni vya bei nafuu kuliko mashine, na mtoto huandika kutoka kulia kwenda kushoto ili akigeuza karatasi asome kutoka kushoto. Ukiwa Kisumu au karibu, walimu wa shule ya wasioona ya Kibos wanaijua kazi hii vizuri. Nenda ukaulize, nenda na mzazi.

Kwa kiziwi, maandishi ya Live Transcribe hayatoshi kama lugha yake ni ya ishara. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake yenyewe. Si Kiswahili kilichopewa mikono. Katiba ya 2010 inaitambua pamoja na Breli katika Kifungu cha 7, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli na njia nyingine zinazomfaa. Kampuni ya eKitabu hutengeneza hadithi za video zenye ishara za Kenya, nazo huwasaidia hata watoto wanaosikia kujifunza ishara za kuzungumza na mwenzao. Kuna shule za viziwi huku kwetu, Mumias, Maseno na Nyang'oma, na ni busara kuwauliza walimu wa huko na wazazi kabla ya kuamua mtoto abaki wapi.

8. Fungua kabati

Mpango wa Serikali wa ujuzi wa kidijitali, ulioanza kugawa vifaa mwaka 2016, ulipeleka zaidi ya vishikwambi milioni moja katika shule za msingi za umma, pamoja na projekta na kisambaza mtandao. Katika shule moja niliyofundisha zamani vilikaa kabatini chini ya kufuli, wino wa mihuri ukiwa juu ya maboksi. Kila mtu aliogopa kuulizwa vikiharibika.

Ongea na mwalimu mkuu. Omba vitano tu, kwa maandishi, ukitaja nambari za vifaa na majina ya masomo. Weka daftari la kuvitoa na kuvirudisha. Betri iliyolala muda mrefu huenda ikachelewa kuwaka, kwa hiyo iache kwenye chaja saa kadhaa kabla ya kukata tamaa.

Kisha uweke Kolibri. Ni programu isiyolipishwa inayokaa kwenye kipakatalishi kimoja, ikiwa na video, mazoezi na vitabu ulivyovipakua mara moja mjini. Ukirudi shuleni, kipakatalishi kinakuwa kama kituo: vishikwambi vinaunganishwa nacho kupitia kisambaza mtandao bila intaneti yoyote. Mtoto anaweza kusimamisha video, kuirudisha nyuma, kuitazama mara tano. Kwa mtoto anayeelewa polepole, kitufe cha kurudia ni kitu kikubwa, maana mwalimu akirudia mara tano wenzake huguna, lakini video haichoki kurudia.

Unapotumia projekta, soma kwa sauti kila kilicho ukutani. Picha isiyoelezwa kwa maneno haijamfikia asiyeiona.

9. Stima, nyumbani, na siri za watoto

Chaji kila kitu usiku. Pawabenki ya mAh 10,000 haitajaza simu ya mAh 5,000 mara mbili kamili, kwa sababu sehemu ya nguvu hupotea njiani. Hesabu mara moja na nusu hivi. Stima ikipotea siku mbili, picha za ubao zipewe kipaumbele, video zingoje.

Kwa kazi za nyumbani, si kila mzazi ana simu janja. Lakini kabambe nyingi, zile simu ndogo za vitufe, hucheza nyimbo kutoka kwa memori kadi. Geuza rekodi zako ziwe MP3, kwa kuwa aina nyingine za faili mara nyingi zinazigomea, uziweke kwenye kadi, na mtoto atasikiliza somo akiosha vyombo. Mzazi mmoja aliniambia nyumba nzima sasa inajua mfumo wa usagaji chakula.

Rekodi ya sauti ya mtoto ni mali ya mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi unapochukua taarifa za mtoto. Kwa hiyo omba ruhusa hiyo mwanzoni mwa muhula, piga picha za ubao na wala si za nyuso, usiweke sauti zao kwenye kundi la WhatsApp, na ufute rekodi muhula ukiisha baada ya kuhifadhi matokeo yake.

10. Karatasi ya kumkabidhi mtoto

Mtoto akipanda darasa, mwalimu mpya huanza upya, na miezi miwili hupotea tena kama ilivyopotea kwangu. Kwa hiyo mwishoni mwa muhula wa tatu keti na mtoto, andikeni pamoja karatasi moja. Ya mwaka jana iliyokwenda Gredi ya Sita, kwa ruhusa ya mama yake, ilikuwa hivi:

Akae mstari wa mbele, dawati la tatu, dirisha nyuma yake. Avae kofia. Chaki nyeupe au ya manjano. Picha ya ubao mara mbili kwa kila somo, nusu kwa nusu, kishikwambi nambari 4. Fonti kubwa kabisa, mwangaza wa chini kabisa. Karatasi za mtihani pointi 18. Mpe dakika za ziada, maana kukuza na kusogeza picha huchukua muda. Akisogelea ubao, mwache asogelee. Anajua kupiga picha mwenyewe sasa.